Mfalme Alicheza, Mzee wa Kanisa Anaogopa Nini?

Ibada ikifika kwenye sifa, kanisa hugawanyika bila mtu kutangaza. Akina mama wanatoka kwenye viti, vijana wanasogea mbele, watoto wanajaa kwenye njia ya katikati, na wanaume wenye familia zao wanabaki pale pale waliposimama. Mtazame mmoja wao kwa karibu. Mikono imeshika mgongo wa benchi la mbele. Kidole cha shahada kinagonga mbao na kufuata ngoma bila kukosea. Kisigino kinapanda na kushuka. Midomo inaimba. Wimbo umeshamwingia mwilini, ila ameuzuia magotini usipande. Mara mwenye kipaza sauti anauliza, "Wanaume, mbona mmepoa?" Kidole nacho kinatulia.

Maelezo tuliyozoea kuhusu hali hii ni mawili. Moja linasema wanaume wana kiburi, hawataki kujishusha mbele za Mungu. La pili linasema ndivyo walivyoumbwa, kwamba kucheza ni jambo la wanawake na watoto. La kwanza lina ukweli, lakini halitoshi. La pili si kweli hata kidogo, na historia ya ibada inalikanusha kila mahali. Ninachoamini mimi ni hiki: mwanaume hucheza mbele za Mungu bila aibu pale uchezaji unapokuwa kazi aliyokabidhiwa, yenye hatua zinazojulikana, anayoifanya na wanaume wenzake huku wakubwa wake wakiongoza. Hugoma pale anapotakiwa kutoa hisia zake hadharani, papo hapo, kwa amri ya kipaza sauti. Makanisa mengi yamempa hilo la pili tu, kisha yanamlaumu kwa kukataa.

Mjadala huu lazima upitie kwa Daudi, na Daudi tunamsoma nusu. Kila mtu anakumbuka 2 Samweli 6:14, mfalme akicheza kwa nguvu zake zote, amevaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani. Wengi wanasahau kilichotangulia. Safari ya kwanza ya kulileta Sanduku la Agano Yerusalemu ilivunjika njiani: Uzza alinyosha mkono kulishika, akafa papo hapo. Daudi aliingiwa na hofu, hakuthubutu kulipeleka mjini kwake, na Sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Aliporudi kulichukua hakurudi kienyeji. Kwa mujibu wa 1 Mambo ya Nyakati 15, aliwapanga Walawi wa kulibeba, akaweka waimbaji na wapiga vinanda, na Kenania akasimamia uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Siku ya safari, wachukuzi walipopiga hatua sita tu, dhabihu ikatolewa. Baada ya yote hayo ndipo mfalme akacheza. Aliyecheza pale alikuwa mtu aliyeona kifo, akaogopa, akajipanga upya, akarudi. Anayedai kwamba kucheza ni kukosa uchaji aisome sura ile kuanzia Uzza.

Kisha yuko Mikali, mke wa Daudi, aliyemtazama akicheza kutoka dirishani. Tumezoea kumfanya mke mwenye gubu na kumpita haraka, lakini shtaka lake lina uzito. Hakusema ngoma ni dhambi. Alisema mfalme amejivunjia heshima mbele ya vijakazi wa watumishi wake. Hoja yake ni cheo. Na tukumbuke alilelewa wapi. Mikali ni binti Sauli, na katika 1 Samweli 18 wanawake wanatoka katika miji ya Israeli wakiimba na kucheza, wenye matari, kumlaki Sauli. Katika nyumba ile mfalme alipokea na wanawake wakacheza. Desturi hiyo haikuanza na Sauli. Miriamu aliwaongoza wanawake kwa matari na kucheza ng'ambo ya bahari, na binti wa Yeftha alitoka akicheza kumpokea baba yake aliyetoka vitani. Mara nyingi Agano la Kale linapoeleza ngoma ya ushindi, wanawake ndio wachezaji na mwanaume ndiye anayechezewa.

Sasa siku ile Yerusalemu mpangilio ukageuzwa. Aliyestahili kuchezewa akawa mchezaji, kwa sababu mbele yake alikuwapo aliye mkubwa kuliko yeye. Hicho ndicho kilichomchoma Mikali, na ndicho Daudi alichokitetea: ilikuwa mbele za Bwana, na yuko tayari kujishusha zaidi ya hapo. Hakusema alipandwa na hisia, wala hakuomba radhi kwamba alijisahau. Alijua anachofanya, na alijua kinamgharimu nini machoni pa watu.

Mzee wa kanisa wa leo anajiona humo, akiwa mkweli. Wiki nzima anapishwa kiti, anasikilizwa kwenye vikao, neno lake linafunga mjadala wa familia. Siku ya ibada anaambiwa ainue mikono na kurukaruka mbele ya watu hao hao: mkwewe, kijana aliyemkaripia juzi, mfanyakazi wake. Anachokilinda si imani. Ni ile picha yake inayomwezesha kusikilizwa siku ya pili. Mtu akikuambia hofu hiyo ni ya kipuuzi, basi hajawahi kubeba heshima ya watu wengi mabegani. Mimi sioni kuwa ni ya kipuuzi. Naona tu kwamba Daudi alikuwa nayo nyingi zaidi, akaiweka chini.

Lakini tukiishia kwa Daudi tutabaki tukiwahubiria wanaume unyenyekevu tu, na mahubiri hayo yamekuwapo muda mrefu bila magoti kukunjuka. Afadhali tuulize ni wapi wanaume wanacheza kweli kweli, na kuna nini huko.

Hekaluni Yerusalemu, katika Sikukuu ya Vibanda, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaeleza usiku wa shangwe ambao wachamungu na watu wa matendo mema walicheza na mienge mikononi, huku Walawi wakipiga vinanda wakiwa wamesimama kwenye ngazi 15 za ua. Talmudi, kitabu cha marabi kinachoifafanua Mishna, inaongeza kwamba Rabban Shimon ben Gamliel, mmoja wa viongozi wakubwa wa wakati wake, alirusha mienge minane na kuidaka bila mmoja kugusa mwingine. Usiku ule umati ulikuwa mtazamaji. Waliocheza walikuwa wale wenye heshima, wenye elimu, wenye mvi. Ni sikukuu hiyo hiyo ambayo Yohana 7 inatuambia Yesu alipanda kwenda kuihudhuria.

Nenda Ethiopia. Katika Kanisa la Kiorthodoksi la huko, uchezaji wa ibada uko mikononi mwa madebtera, wanaume wasomi wa zaburi na uimbaji ambao husomea fani hiyo kwa miaka mingi. Mapokeo ya kanisa hilo yanamtaja Yared, wa karne ya 6, kama mwanzilishi wa muziki wake mtakatifu. Madebtera husimama kwa mistari miwili inayotazamana, wamevaa nguo nyeupe, kila mmoja ana fimbo ndefu ya kuegemea mkono mmoja na njuga ya chuma mkono wa pili. Wanaanza polepole sana, kiasi kwamba mgeni hawezi kujua kama wameanza. Mwili unainama kidogo, fimbo inashuka, inapanda, njuga inalia mara moja. Ubeti unarudiwa. Ngoma kubwa ya kebero inaingia, hatua zinaongezeka, fimbo zote zinakwenda upande mmoja kwa pamoja, na mwishowe kuna makofi na shangwe. Katika Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Kristo, mwezi Januari, tabot inayowakilisha mbao za agano hutolewa kanisani ikiwa imefunikwa kwa nguo, nao huimba na kucheza mbele yake, wakijua vizuri kwamba wanafuata nyayo za Daudi. UNESCO iliiingiza Timkat katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019, ingawa madebtera hawakuhitaji cheti hicho. Pale hakuna anayeuliza kama kucheza ni kwa wanawake. Kijana anayetaka kucheza anatumwa akasome kwanza.

Afrika Kusini kuna mfano mwingine usiofanana kabisa na huo kwa sura, ila unafanana kwa mifupa. Katika kanisa la Zion Christian Church, lililoanzishwa na Engenas Lekganyane katika miaka ya 1920, wanaume wana ngoma yao inayoitwa mokhukhu. Wamevaa sare ya kaki, kofia, na viatu vikubwa vyeupe. Wanaimba kwa sauti nzito kwenye duara, wanaruka juu pamoja na kutua pamoja, na ardhi inaitika. Hapo mwanaume hahitaji kubembelezwa, kwa sababu hajaitwa kuonyesha jinsi anavyojisikia. Ameitwa kazini. Anavaa sare na kushika nafasi yake, na asipokuja pengo linaonekana.

Na anayedhani haya ni ya makanisa yaliyojitenga na Roma tu, aangalie Kongo. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kazi iliyosukumwa kwa miaka mingi na watu kama Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa. Katika misa hiyo padri na watumishi wa altare huzunguka altare wakicheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Kuna jambo hapo la kutafakari: padri hachezi kwa sababu amefurahi siku hiyo. Anacheza kwa sababu misa inamtaka acheze, awe amelala vizuri au ameamka na msiba moyoni, kama anavyopiga goti na kuinua mikono. Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha misa ya utaratibu huo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro.

Mifano hii ina umbali wa karne na maelfu ya kilomita kati yake, na kote wanaume wanacheza kwa sababu wamepewa umbo la kuingia. Hatua zinajulikana, kwa hiyo mtu hahofii kukosea mbele ya watu kwa kubuni. Wanacheza kundi zima, kwa hiyo jicho halimtafuti mmoja. Wakubwa wako mbele, kwa hiyo hadhi haishuki, pengine inapanda. Mwanaume yule yule anayesimama kimya kwenye sifa huruka uwanjani bao likifungwa, na hata hapo sababu ni hizo hizo: wakati unajulikana, wenzake wanaruka, hakuna anayemkodolea macho.

Hata Magharibi, ambako leo mwili wa mwanaume kanisani umekauka zaidi, haikuwa hivyo siku zote. Kwenye kanisa kuu la Auxerre nchini Ufaransa, makanoni, yaani mapadri wa kanisa hilo, wenyewe walicheza siku ya Pasaka juu ya mchoro wa njia za mzunguko uliokuwa sakafuni, wakirushiana mpira, hadi desturi hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1538. Marufuku za namna hiyo zina historia ndefu. Yohane Krisostomu, mhubiri mashuhuri wa Kanisa la kale, alikuwa ameshasema kwa ukali kwamba penye ngoma shetani yupo. Mtaguso wa Toledo, mkutano wa maaskofu uliofanyika Hispania mwaka 589, ulikemea watu waliokesha sikukuu za watakatifu kwa ngoma na nyimbo chafu badala ya kusali. Ukizisoma karipio hizo kwa utulivu utaona zilikuwa na sababu: walevi, matusi, uasherati kwenye makaburi ya mashahidi. Kosa lilikuja baadaye, pale tiba ya ulevi ilipofanywa sheria ya mwili wote. Kisha likaja benchi. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya waumini walisimama kwenye sakafu tupu. Mabenchi yalienea mwishoni mwa Zama za Kati, na zaidi baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti, mahubiri yalipokuwa kiini cha ibada. Mwanaume aliyefungiwa kati ya mbao mbili, goti likigusa benchi la mbele, hana pa kupeleka mguu hata akitaka. Mpangilio huo ulisafirishwa dunia nzima pamoja na Injili, na wajukuu wa waliohubiriwa wakaudhania kuwa ni sehemu ya Injili yenyewe. Roma nayo, katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1975, iliona kwamba ngoma haifai kuingizwa kwenye liturujia ya nchi za Magharibi kwa kuwa huko kucheza kumeshikamana na mapenzi na starehe, huku ikikubali kwamba kwa watu wengine kucheza ni sala. Nadhani walisema kweli. Ila ni kweli ya kusikitisha, kwamba jamii nzima ilibaki na sababu moja tu ya kucheza.

Wapo wanaopinga kwa Maandiko, nao wanastahili jibu. Wanasema Agano Jipya haliamuru kanisa kucheza, na Paulo ametaka mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Ni kweli, amri hiyo haipo, na sitaibuni. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kumwita mwenye dhambi mtu asiyecheza. Lakini utaratibu si hoja dhidi ya kucheza, maana kuna mambo machache duniani yenye utaratibu kuliko mistari miwili ya madebtera. Na wanaomnukuu Paulo wasiruke 1 Timotheo 2:8, ambapo anawataka wanaume, kwa jina lao, wasali wakiinua mikono iliyotakata, pasipo hasira wala majadiliano. Yaani mtume alipofikiria sala ya wanaume alifikiria mikono yao, na akaona mwili ule ule unaonyanyuka kupigana unyanyuke kuomba. Yule kiwete wa Matendo 3 naye aliingia hekaluni akitembea na kurukaruka na kumsifu Mungu, na mitume waliokuwa naye hawakumwambia atulie.

Upinzani mwingine hauna mstari wa Biblia lakini una macho. Mtu mzima anaangalia jukwaani, anaona mitindo iliyotolewa kwenye disko wiki iliyopita ikawekewa jina la Yesu, kamera zikifuata kiuno, na mcheza sifa mwenyewe akiitazama kamera. Anasema, "Mimi hiyo siwezi." Namuunga mkono. Asilazimishwe hiyo. Kanisa likimpa njia mbili tu, ama acheze hivyo ama asimame kimya, atasimama, na atakuwa amechagua vyema.

Hapo ndipo kipaza sauti kinapofanya madhara. Kiongozi wa sifa anayewasimanga wanaume kwa kupoa, au kuwaambia asiyecheza hana Roho, anafanya kosa la Eli. Kuhani yule alimtazama Hana akisali, akaona midomo inacheza bila sauti, akahukumu kuwa amelewa. Aliusoma mwili, akakosa sala. Wako wanaume wanaosimama kimya kabisa kwenye sifa wakati ndani yao kuna kilio ambacho hata wake zao hawajawahi kukisikia. Wako wengine wana magoti mabovu. Wako waliozika juzi. Kumtaja mtu kama huyo hadharani ni kumfundisha kuja ibadani akiwa amechelewa, baada ya sifa kwisha, na wengi wamekwisha kujifunza hivyo. Yupo pia yule anayekataa kwa uchungu tu. Kaka mkubwa wa Luka 15 alisikia nyimbo na machezo akiwa nje, akauliza mtumishi kuna nini, akakasirika, akahesabu miaka aliyotumika. Hata huyo, baba yake hakumtumia ujumbe wa kumsuta. Alitoka nje mwenyewe, akamsihi.

Kwa hiyo mimi ningewaambia wachungaji na viongozi wa sifa waache kwanza kuwahimiza wanaume, wawape kazi. Wawe na wimbo mmoja ambao ni wa wanaume, wenye sauti nzito na mwendo wa taratibu, ambao hatua yake moja au mbili inafundishwa siku ya katikati ya wiki pasipo mtu wa kutazama. Wazee wa kanisa waanze wao, na wajifunze pamoja na vijana, wakosee huko, wachekane huko. Siku ya sikukuu ya mavuno, Pasaka, au kuingia kwa sadaka, mabenchi ya mbele yaondolewe, kwa sababu hakuna mahubiri yanayoweza kumpa mtu nafasi ya kuweka mguu. Wimbo usianze kwa kasi. Mwili wa mtu mzima unahitaji kuingizwa polepole, na madebtera wanalijua hilo kuliko wapiga vinanda wetu, ambao hufungua kwa mwendo wa juu kabisa na kushangaa kwa nini wenye miaka 50 wameachwa. Asiyetaka aachwe kwa amani, asiombewe kwa sauti.

Na tuwatazame wavulana. Huko Seville nchini Hispania, kwa karne kadhaa, kikundi cha wavulana wanaoitwa Seises kimekuwa kikicheza mbele ya altare ya kanisa kuu katika sikukuu kama ya Mwili wa Kristo, taratibu, wamevaa kofia zao. Katika makanisa yetu wavulana wa shule ya Jumapili hucheza kwa furaha kabisa hadi karibu na umri wa kubalehe, kisha wanaacha, karibu wote, ndani ya muda mfupi. Hakuna aliyewakataza. Wamemtazama baba alivyosimama na mikono kwenye benchi, wakaelewa kwamba ukubwa ndio huo. Wakimwona baba yule yule katikati ya wazee wenzake, amevaa sare, anakwenda hatua mbili mbele na moja nyuma na jasho likimtoka, wataelewa vingine, na kiongozi wa sifa hatakuwa na haja ya kuwauliza kwa nini wamepoa.